Kalibu Ndiyo Iliyochagua: Visanamu vya Zinki Katika Sebule za Marekani

Pindua kisanamu cha Kimarekani cha miaka ya 1890, yule mvuvi au mwindaji aliyekuwa akikaa juu ya saa ya mezani, utazame chini ya kitako chake. Ndani ni kitupu. Ukuta wake ni mwembamba, milimita 2 hadi 4 hivi, na uso wa ndani una mawimbi na michirizi kama kitu kilichokuwa kikitiririka kikaganda njiani. Rangi ya ndani ni kijivu cha fedha. Nje ni hudhurungi, rangi ya bronzi ya kale.

Wanaoandika historia ya mapambo ya nyumbani huishia kwenye hiyo rangi ya nje. Husema tabaka la kati la Marekani lilitaka kuonekana tajiri, halina fedha ya kununua bronzi, basi likanunua bronzi ya uongo. Maelezo hayo hayatoshi. Hayaelezi kwa nini sebule za Ohio na Massachusetts zilijaa Shakespeare na mashujaa wa hadithi za Ulaya, wala kwa nini sura moja ilidumu sokoni miongo mizima huku mitindo ya nguo na samani ikibadilika. Jibu liko kwenye kile ambacho mnunuzi hakukiona kamwe: kalibu ya metali iliyogharimu fedha nyingi kabla ya kisanamu cha kwanza kutoka.

Visanamu hivi vilikuwa vya zinki, nayo huyeyuka kwa nyuzi joto 419.5 za Selsiasi. Bronzi, yaani shaba iliyochanganywa na bati, huhitaji karibu nyuzi 1,000, na msubi huimimina ikiwa na joto zaidi ya hapo. Tofauti hiyo ndiyo msingi wa biashara nzima. Bronzi iliyoyeyuka huwezi kuimimina mara kwa mara ndani ya kalibu ya shaba ukategemea kalibu ipone. Kwa hiyo kalibu ya kusubia bronzi hutengenezwa kwa mchanga au udongo na huvunjwa baada ya kila kazi. Zinki huingia ndani ya kalibu ya shaba au bronzi, ikaganda, ikatolewa, na kalibu ikabaki nzima. Kesho hivyo hivyo. Mwaka ujao hivyo hivyo.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Kalibu ilikuwa na vipande viwili au zaidi vilivyofungwa pamoja, na uso wake wa ndani ulifukizwa masizi ya taa au kupakwa tope laini la udongo ili metali isishike. Ilipashwa moto kwanza. Kalibu baridi huigandisha zinki kabla haijafika kwenye vidole na mikunjo ya nguo, na matokeo yake ni kisanamu chenye mikono iliyokatika au mistari ya baridi shingoni, pale mikondo miwili ya metali ilipokutana bila kuungana. Kalibu iliyozidi moto nayo huchelewesha ganda, na zinki hutengeneza chembe kubwa zinazovunjika kirahisi. Msubi alijaza kalibu mpaka mdomoni, akasubiri sekunde chache tu, kisha akaipindua juu chini. Metali iliyokuwa bado maji katikati ilimwagika na kurudi chunguni, na kilichobaki ni ganda lililoshika ukutani. Yale mawimbi ya ndani ni alama ya hapo. Unene wa ukuta ulitegemea hesabu ya sekunde kichwani mwa mtu mmoja, ndiyo maana visanamu viwili vilivyotoka kalibu moja vinaweza kutofautiana uzito.

Sasa fikiria nani aliyeitengeneza kalibu hiyo. Mchongaji alitengeneza umbo la udongo, likageuzwa kuwa plasta, plasta ikakatwa vipande ambavyo kila kimoja kingeweza kutoka kwenye kalibu ngumu bila kunaswa. Mkono ulionyooshwa ulikuwa na kalibu yake. Upanga ulikuwa na yake. Kofia yenye ukingo mpana, mbwa pembeni, bunduki begani, vyote mbali mbali. Kila kalibu ilisubiwa, ikapigwa tupa na tindo, ikapatanishwa na mwenzake mpaka mshono usipitishe metali. Hiyo ni kazi ya fundi wa daraja la juu, na mwenye kiwanda aliilipia yote kabla ya kuuza chochote. Baada ya hapo kila kisanamu kiligharimu zinki kidogo, makaa, na dakika za kumimina, kulehemu na kupaka rangi.

Mtu mwenye mzigo wa gharama kama huo hawezi kuhatarisha fedha kwa sura itakayochosha watu baada ya miaka miwili. Atachagua sura isiyochakaa, ambayo haimuudhi Mprotestanti wala Mkatoliki, mtu wa Kaskazini wala wa Kusini. Shakespeare anafaa. Mvuvi na mwindaji wanafaa. Mwanamke aliyevaa shuka la Kigiriki na kushika taa anafaa sana, kwa sababu ukibadilisha kitu alichoshika mkononi anageuka kuwa Sanaa, Biashara, Muziki au Uhuru bila kugusa kalibu ya mwili. Usomaji wa katalogi za zama hizo unaonyesha ujanja huo tena na tena: mwili mmoja, mikono tofauti, majina tofauti.

Chimbuko la ufundi huu lilikuwa Ulaya. Moritz Geiss alianza kusubu zinki Berlin katika miaka ya 1830, na msanifu majengo Karl Friedrich Schinkel akaitetea metali hiyo kwa mapambo ya majengo. Huko Ufaransa, Achille Collas alibuni mwaka 1836 mashine iliyonakili sanamu kubwa kwa ukubwa mdogo kwa vipimo sahihi. Yeye na Ferdinand Barbedienne wakaanzisha kampuni iliyouza nakala ndogo za sanamu mashuhuri kwa bronzi, na viwanda vya bei nafuu vikafuata njia hiyo hiyo kwa zinki. Farasi wa Marly, waliochongwa na Guillaume Coustou kwa ajili ya mfalme wa Ufaransa katika miaka ya 1740, wamesubiwa kwa zinki mara nyingi kiasi kwamba hadi leo ni vigumu kupita minada ya vitu vya kale ya Marekani bila kuwakuta.

Wahamiaji wa Kijerumani waliuvusha ufundi huo bahari. Moritz Seelig alifanya kazi Brooklyn tangu miaka ya 1850, na sanamu nyingi zilizouzwa na duka la J. W. Fiske la New York kupitia katalogi zake zilitoka kwenye kiwanda chake. Hizo zilikuwa kubwa, za bustani na viwanja vya miji, na zilisubiwa kwa njia tofauti kidogo. Kwa sebule, waliotamba walikuwa watengeneza saa.

Kampuni ya saa ya Ansonia ilianzia Connecticut na baadaye ikajenga kiwanda kikubwa Brooklyn. Mashine yake ya saa ilikuwa nzuri ya kawaida, haikutofautiana sana na za washindani. Kilichomvuta mnunuzi ni aliyeketi juu ya saa. Hapa ndipo hesabu ya kalibu inapoonekana waziwazi: badala ya kutengeneza sura mpya, kampuni iliuza sura ile ile kwa rangi tofauti. Mnunuzi aliweza kuagiza kisanamu kimoja kwa rangi ya bronzi ya Kijapani, ya Kisyria, au ile iliyoitwa Barbedienne. Rangi ni gharama ya dawa na mikono. Kalibu ni gharama ya mtaji. Aliyetaka aina nyingi dukani alizipata kwenye beseni la rangi. Kampuni ilipofikia mwisho mwaka 1929, mitambo yake iliuzwa Umoja wa Kisovyeti.

Anayetilia shaka kwamba kalibu ndiyo iliyochagua akang'ang'ania kwamba ni ladha ya watu, amtazame John Rogers. Kati ya mwaka 1859 na miaka ya 1890 Rogers aliuza nakala zipatazo 80,000 za makundi ya sanamu ndogo kwa Wamarekani wale wale, waliokaa katika nyumba zile zile. Bei ya kawaida ilikuwa kama dola 14. Sura zake zilikuwa za nchi yao na za wakati wao: mnada wa watumwa, wanajeshi wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, Lincoln akishauriana na Jenerali Grant na waziri wa vita Stanton, wakulima wakicheza drafti. Kwa nini yeye aliweza? Alitumia plasta, na kalibu zake zilikuwa za gundi laini inayopinda, ambayo humwachia fundi atoe umbo lenye vishimo na mikunjo bila kulikata vipande vingi. Kalibu ya namna hiyo huchakaa upesi na hutengenezwa upya kwa bei ndogo. Kwa hiyo Rogers aliweza kutoa sura mpya mwaka baada ya mwaka, karibu 80 kwa jumla, na ile isiyouzika haikumfilisi. Wamarekani walipenda kujiona wenyewe kwenye rafu zao. Wenye viwanda vya zinki ndio ambao hesabu zao hazikuwaruhusu kuwaonyesha.

Mara moja moja soko lilihakikishwa mapema, na hapo zinki nayo ikaingia kwenye mambo ya siku hiyo. Mwaka 1885 kamati ya Marekani iliyokusanya fedha za msingi wa Sanamu ya Uhuru iliuza visanamu vyake: cha inchi 6 kwa dola 1, cha inchi 12 kwa dola 5. Gazeti la World la Joseph Pulitzer lilikuwa likichochea michango kote nchini, na zaidi ya watu 120,000 walichanga, wengi wao chini ya dola moja. Sanamu yenyewe ilizinduliwa Oktoba 1886. Mwenye kalibu alijua wanunuzi wapo kabla hajawasha moto.

Karne ya 20 ilipoanza, umeme ukaondoa sanamu za wanawake wenye taa za gesi kwenye ngazi, na saa kubwa za mezani zikaanza kuonekana nzito. Biashara ikahamia kwenye vitu vidogo: vishikio vya vitabu, vibweta vya vito, vibakuli vya majivu ya sigara, taa za kando ya kitanda. Jennings Brothers wa Bridgeport, Connecticut, waliweka herufi JB chini ya kazi zao. Huko Newark, Louis Aronson aliendesha Art Metal Works, iliyotengeneza visanamu na vishikio vya vitabu kwa miaka mingi kabla jina la Ronson halijatambulika duniani kwa viwashio vya sigara. Frankart ya New York, katika miaka ya 1920, ilitoa wanawake wembamba wa rangi ya kijani kibichi waliobeba globu za vioo, na kwa maoni yangu hizo ndizo kazi bora za metali nyeupe, yaani aloi za zinki, bati au risasi, zilizowahi kutoka Marekani, kwa sababu zilichongwa zikijua zitasubiwa vipi: viungo vimenyooka, nyuso laini, hakuna mkunjo wa kunasa metali.

Wengine waliokoa gharama ya mchongaji kwa kuchukua kazi ya mtu. James Earle Fraser alionyesha sanamu yake ya Mmarekani wa asili aliyeinama juu ya farasi aliyechoka, kwenye maonyesho ya San Francisco mwaka 1915. Hakuwa ameilinda kwa hakimiliki. Vishikio vya vitabu, visanamu na picha vikamwagika nchi nzima, naye hakupata kitu. Ukivikuta vishikio hivyo leo, linganisha kichwa cha farasi na mkia. Kila kiwanda kilinakili kwa jicho lake, na makosa yake humtambulisha kuliko nembo.

Kisha kalibu yenyewe ikabadilika. Vita Kuu ya Pili ilifunga zinki, bati na risasi kwa mapambo, na baada yake njia ya kusubu kwa kalibu za mpira zinazozungushwa ikaenea. Diski mbili za mpira hubanwa na kupikwa kwa joto zikiwa na umbo la mfano katikati, njia hukatwa kwa kisu, kisha diski huzungushwa kwa kasi huku metali ya bati na risasi ikimiminwa katikati na kurushwa pembeni. Zinki ni moto mno kwa mpira wa kawaida wa zama hizo, ndiyo maana vitu vya kumbukumbu vya miaka hiyo ni laini, vizito, na ndani havina uwazi au vina uwazi mdogo. Kalibu ya mpira ni ya bei ndogo kabisa. Na tazama kilichofuata: kila mji wenye maporomoko, daraja au jengo la serikali ukapata kisanamu chake. Banthrico ya Chicago ilisubu vibweta vya kuwekea akiba vyenye umbo la majengo ya benki za miji mbalimbali, benki zikawagawia wateja. Sioni kwamba Wamarekani wa 1950 walikuwa ghafla wazalendo wa miji yao kuliko babu zao. Walipata tu kalibu iliyoweza kuwahudumia.

Vitu hivi vinaharibiwa leo na watu wanaovishughulikia kama bronzi, kwa hiyo inafaa kueleza jinsi vinavyooza. Baada ya kulehemu na kupiga tupa, kisanamu cha zinki kilichovywa kwenye beseni la sianidi na kupakwa shaba kwa umeme. Sianidi ilihitajika kwa sababu maji ya salfeti ya shaba yenye asidi huitafuna zinki na kuacha shaba ya unga isiyoshika. Tabaka hilo la shaba ni sehemu ndogo sana ya milimita. Juu yake ilipakwa salfaidi ya potasiamu kuifanya nyeusi au hudhurungi, sehemu zilizoinuka zikasuguliwa kidogo, na vanishi ikafunika yote.

Mabati ya paa hudumu kwa sababu zinki iliyoyafunika hujitoa mhanga, ikaoza yenyewe badala ya chuma. Kwenye kisanamu tabia hiyo hiyo ni balaa, maana zinki iko chini na shaba iko juu. Mkwaruzo mmoja ukifika kwenye zinki, unyevu ukaingia, zinki huliwa kuilinda shaba. Unga mweupe hutokea, hujaa chini ya tabaka, na shaba hubanduka vipande. Ndiyo maana dawa ya kung'arisha shaba ni sumu kwa vitu hivi: husugua tabaka mpaka linatoboka puani, magotini na vifundoni, mahali ambapo tayari ni jembamba. Siki na ndimu huila zinki. Amonia na magadi huila pia. Tumia brashi laini, maji safi yasiyo na chumvi yenye matone machache ya sabuni isiyo kali, kausha papo hapo, kisha nta nyembamba.

Utambuzi hauhitaji maabara. Kwaruza kidogo chini ya kitako, ndani, mahali pasipoonekana. Njano au nyekundu mpaka ndani ni shaba au bronzi. Kijivu cheupe ni zinki au metali nyeupe. Kucha ikiacha alama, au kona ikichora mstari wa kijivu kwenye karatasi nyeupe, kuna risasi nyingi, basi kiweke mbali na watoto na unawe mikono. Sumaku ikinata, ni chuma. Uzito hauaminiki sana: zinki ina gramu 7.1 kwa sentimita ya ujazo, bronzi karibu 8.8, na ukuta mnene wa zinki huipiku bronzi nyembamba. Mlio husaidia zaidi. Bronzi hulia, zinki hutoa sauti butu.

Kuvunjika hutokea mara nyingi kwenye vifundo vya miguu, chini ya fimbo ya chuma inayoshikilia kisanamu kwenye kitako cha marumaru. Mtu hukaza nati ili kisitikisike, na zinki iliyosubiwa, ambayo katika joto la kawaida haipindi, hupasuka. Upanga uliopinda nao ukiunyoosha baridi utakatika. Zinki hulainika kati ya nyuzi 100 na 150, lakini lehemu ya bati na risasi huanza kuyeyuka kwa 183, na vanishi ya shelaki huharibika mapema zaidi. Kwa hiyo unanyoosha kipande kilichokwisha kutolewa mwilini, au unakiacha kilivyopinda.

Kulehemu upya kwataka chuma cha kulehemia, kamwe si mwali. Safisha mshono mpaka zinki ing'ae, weka dawa ya kloridi ya zinki, tumia lehemu ya nyuzi 183, kisha osha dawa yote kwa maji moto, maana mabaki yake huendelea kula metali kimyakimya. Kama metali ni ya bati na risasi, lehemu hiyo inaweza kuyeyusha kisanamu chenyewe. Hapo hutumika lehemu ya bismathi, au gundi ya epoksi, ambayo kwa vitu vya rafuni inatosha, ingawa haiondoki kirahisi. Mwali wa gesi hutoboa ukuta wa milimita 2 kufumba na kufumbua, na ukizidi hutoa moshi mweupe wa zinki unaomletea fundi homa na kutetemeka saa chache baadaye.

Vitu vya karne ya 20 vilivyosubiwa kwa shinikizo, kwa aloi ya zinki na asilimia 4 hivi ya aluminiamu, vina ugonjwa wao. Risasi ikizidi chembe ndogo, karibu asilimia 0.005, metali huvimba na kupasuka yenyewe miaka mingi baadaye, kwa nyufa kama za tope lililokauka, na hakuna lehemu wala gundi itakayoizuia. Visanamu vya zinki tupu vya karne ya 19 havina tatizo hilo.

Minada na makumbusho madogo bado huandika kwenye vibandiko vyao jina la mchongaji na tarehe ya kisanamu kana kwamba ni bronzi iliyosubiwa mara moja. Kinachofaa kuandikwa ni metali, aina ya kalibu, idadi ya vipande vilivyolehemiwa na mishono ilipo. Picha ya ndani ya kitako ichukuliwe kwa mwanga wa pembeni, ili mawimbi yaonekane. Mikwaruzo ya kalibu hujirudia kwenye kila kisanamu kilichotoka humo na huongezeka kadiri kalibu inavyochakaa. Ukipata visanamu vitano vya sura moja na kulinganisha mishono yao, unaweza kuvipanga kwa mfuatano wa kuzaliwa kwao, jambo ambalo jina la mchongaji haliwezi kukupa.